Alama za lita kwenye mtungi wa kioo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayechachusha bia au mvinyo nyumbani hufika mahali akachoka kukisia. Anataka mistari ya lita isiyofutika ubavuni mwa mtungi wake wa kioo. Akiuliza tu, ushauri humjia kutoka kila upande, na mwingine ni wa kuharibu mtungi.

"Galoni tano ni galoni tano."
Galoni tano za Marekani ni lita 18.9, za Uingereza ni lita 22.7. Usiamini jina la mtungi, pima mwenyewe kwa lita. Tofauti ndogo tu inaonekana: lita 19 za mchanganyiko wa kuchachusha unaosoma 1.050 kwenye haidromita (kipimo cha uzito wa mchanganyiko ukilinganishwa na maji, kinachoonyesha wingi wa sukari), ukiziongezea maji hadi zifike 20, zinashuka hadi karibu 1.048.

"Mimina lita tano, piga mstari, kisha gawanya kwa rula."
Hili nililifanya mwenyewe, na nikajiona fundi. Nilipokuja kumimina lita moja halisi, maji yakaupita mstari wangu kwa milimita nne hivi. Kisa ni kitako: mitungi mingi imebonyea kwa ndani, kwa hiyo lita ya kwanza hupanda juu kuliko zinazofuata. Huko mabegani nako kioo hujikunja, na mistari inabidi iachane zaidi. Milimita nne unaweza kuzidharau, lakini mtungi wenye kipenyo cha ndani cha sentimita 28 hubeba takriban mililita 60 kwa kila milimita moja. Yaani nilikuwa nimekosea robo lita, kwenye mstari wa kwanza tu.

Kila mstari una maji yake. Hakuna njia ya mkato.

"Jagi la jikoni linatosha."
Jagi likikosea mililita 10 kila mara, na ukalimimina mara 20, umepotea mililita 200. Tumia mizani. Lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 ina uzito wa gramu 998, kwa hiyo hata ukihesabu kilo moja kwa lita moja hujakosea kitu. Mtungi ukae mahali palipo sawa kabisa, nawe uchutame hadi jicho liwe usawa wa maji. Weka kipande cha selotepu kila lita inapoishia. Maji yasiwe ya baridi, maana kioo kitatoka jasho na selotepu haitashika. Kisha mwaga, anza upya, uhakiki. Mimi hurudia mara mbili, kwa sababu kosa nalo halitafutika.

"Krimu ya asidi hudhoofisha kioo, bora kuchonga kwa mashine."
Ni kinyume chake. Krimu hiyo, inayopakwa kwenye kioo ili kuchora mistari ya kudumu pale ulipoweka selotepu, ina chumvi za floridi, nayo hula tabaka jembamba sana la juu na kuacha ukungu mweupe. Ncha ya mashine inayozunguka ndiyo huacha nyufa ndogondogo, na ufa ndipo kioo kinapoanzia kupasuka. Fikiria kilo zaidi ya 20 zikiachia mikononi mwako. Ila ujue krimu hufanya kazi kwenye kioo cha kawaida. Kioo cha maabara kinachostahimili joto hutoa alama hafifu au hugoma.

"Ni krimu ya kazi za sanaa tu, haina madhara."
Hapa sina mzaha. Floridi hupenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa. Vaa glavu na miwani ya kinga, fungua madirisha. Ikikugusa, suuza papo hapo kwa maji mengi na umwone daktari hata kama hujasikia maumivu.

"Chora kwa ndani, haitakwaruzika."
Kwa nje tu. Uso uliokwaruzwa kwa ndani hushika uchafu na vijidudu, na utaanza kulalamikia chachu isiyo na kosa.

"Alama zimefifia, krimu ilikuwa mbovu."
Huenda umesuuza mtungi sasa hivi. Ukungu wa kioo hufifia ukilowa. Pangusa kwa kitambaa kikavu, mistari itarudi.