Metafizikia ni "baada ya", si nguvu za giza

Jumamosi iliyopita, kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, jamaa mmoja alikuwa anasimulia nyumba aliyowahi kupanga, ambamo vyombo vilikuwa vikigongana jikoni usiku wa manane. Wenzake wakaguna. Akamalizia kwa sauti ya msomi: "Hiyo sasa ni metafizikia." Muuza kahawa akamwongezea kikombe bila kuulizwa. Mimi nikatafuna kashata yangu kimya, ingawa ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Kwanza ulikuja ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, eti siri za metafizikia za kuvuta pesa. Kisha nikaona bango kwenye nguzo ya umeme: nyota, mali iliyopotea, mume aliyekimbia, metafizikia, na namba ya simu.

Haya. Metafizikia ni tawi la falsafa linalouliza kuwapo ni nini, na vilivyopo ni vya aina gani. Je, wakati upo, au kuna mabadiliko tu na sisi tunayahesabu? Nini kinamfanya mtu mzima wa leo awe yuleyule mtoto wa miaka 30 iliyopita? Sababu inaletaje tokeo? Maana ni hiyo. Kilichonikalisha kuandika ni jina lenyewe, kwa sababu nadhani ndilo lililompoteza yule jamaa.

Watu wakisikia "meta" wanaelewa ng'ambo, kule kusikoonekana. Hata mwenye Facebook alipobadili jina la kampuni yake kuwa Meta mwaka 2021 alieleza kwamba neno hilo la Kigiriki lina maana ya kuvuka, kwenda mbele zaidi. Lakini kwenye jina hili la falsafa, meta ni "baada ya", baada ileile ya dawa unazoambiwa umeze baada ya chakula.

Aristotle (384–322 K.K.), mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakulitumia kabisa neno metafizikia. Elimu hiyo aliiita falsafa ya kwanza, na mahali pengine hekima. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba karne ya kwanza K.K. Andronicus wa Rhodes aliyapanga maandishi yake, akavikuta vitabu vya maumbile, yaani fizikia: mwendo, nafasi, wakati. Nyuma ya hivyo vikawekwa vitabu 14 ambavyo havikuwa na jina la kuvitosha. Basi vikaitwa ta meta ta physika, "vile vya baada ya vile vya maumbile". Ni kama kazi ya karani wa masjala: jalada halina kichwa cha habari, anaandika juu yake "yanayofuata jalada la ardhi", anakwenda kunywa chai. Wapo wanaosema mpangilio ulikuwa na sababu ya kimasomo pia, kwamba mwanafunzi aanze na vitu vinavyoonekana vikisogea ndipo aingie kwenye maswali magumu. Sina ugomvi nao. Kwa vyovyote vile, hakuna mizimu kwenye jina hilo.

Waarabu walipolitafsiri, walilitafsiri neno kwa neno: ma baad at-tabia. Mswahili hapo hahitaji mkalimani. Baada ni baada yetu hii hii. Tabia ni tabia yetu, ila sisi tumeibakiza kwenye mwenendo wa mtu na wao wanaitumia kwa maumbile yote. Mzizi wake una maana ya kupiga chapa, na ndiyo maana kiwanda cha kuchapa vitabu kikaitwa matbaa. Tabia ni chapa uliyopigwa. Kama neno hili lingetufikia kwa njia ya majahazi badala ya kuja na vitabu vya Ulaya, leo tungekuwa tunasema "mabaadatabia", na sidhani kama kuna mganga ambaye angelibandika kwenye nguzo. Wateja wangedhani ni semina ya malezi.

Hata hivyo, nisimwonee jamaa wa Magomeni. Kosa lake ni kongwe. Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa, anasimulia mwenyewe kwamba alikisoma kitabu hicho cha Aristotle mara 40, kikamkaa kichwani chote, na bado hakukielewa. Akakata tamaa. Siku moja, sokoni kwa wauza vitabu, dalali akambembeleza anunue kijitabu kwa dirhamu 3, maana mwenye kitabu alikuwa na shida ya pesa. Kilikuwa cha al-Farabi, mwanafalsafa aliyemtangulia, kinachoeleza makusudi ya kitabu kilekile. Ibn Sina alirudi nyumbani, akasoma, mambo yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mungu. Na al-Farabi anasema nini mle? Kwamba wengi hukifungua kitabu cha Aristotle wakitarajia habari za Mungu, akili na roho, kisha hupigwa na butwaa kwa sababu sehemu kubwa haizungumzii hayo. Inazungumzia kuwapo kwa ujumla: umoja na wingi, sababu, kilicho tayari na kinachoweza kuwa. Yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mtu alishachoka kama nilivyochoka mimi, na yeye akatatua tatizo kwa dirhamu 3.

Tofauti yenyewe ni hii. Sibishani na mtu hapa kuhusu majini. Ukiuliza "kuna jini jikoni?", swali lako ni la orodha. Nyumba ina panya, masufuria, mpangaji. Unataka kujua kama orodha iongezewe jini. Hata jini likiwamo, ni jina moja zaidi kwenye orodha. Metafizikia inaanza ukiuliza kitu kinahitaji nini ili kiandikwe kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana sufuria inaifaa kazi hiyo sawasawa na jini, na pengine zaidi, kwa kuwa sufuria haimkimbizi mtu kabla hajamaliza kufikiri.

Kiswahili kimetupa nyenzo ambayo hatuitumii. Tunasema "panya ni mnyama", kisha tunasema "panya yupo". Kigiriki cha Aristotle kilikuwa na kitenzi kimoja, einai, kwa yote mawili, na wanafalsafa wametumia karne nyingi kukichambua. Sisi tumeshatenga "ni" na "-po" kabla hatujaanza shule. Ila "-po" yetu ni ya mahali, na hapo tunanaswa: namba saba ipo? Ipo wapi? Ukifuta ubao, saba haijafutika. Na wanaopenda kuita metafizikia "elimu ya vitu halisi" wapite Kariakoo kwanza. Simu feki si halisi, lakini ipo, na pesa yako imekwenda.

Mfano wangu niupendao uko nje ya geti letu. Masika yakipita yanaacha shimo barabarani. Dereva wa bajaji analikwepa, wa bodaboda anajifunza kwa maumivu. Kwamba lipo, habishi mtu. Sasa ni kitu gani? Si lami, maana lami ndiyo haipo. Si hewa, maana hewa inapita na maji yakijaa shimo ni lilelile. Ni ukosefu, na ukosefu huo una upana, una kina, unapasua tairi. Likifukiwa, je, limetoka au liko chini limejazwa? Mwaka 1970 mwanafalsafa David Lewis na mkewe Stephanie Lewis waliandika makala nzima ya watu wawili wanaobishana kuhusu matundu ya jibini, mmoja akidai hakuna kitu kisicho cha maada, mwenzake akimuuliza matundu basi ni nini. Hiyo ndiyo metafizikia: watu wazima wawili, jibini, na hakuna anayeogopa kulala peke yake.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Magomeni, vyombo vikigongana tena usiku, anza na panya. Kama si panya, sema unahofia jini, na kila mtu kijiweni atakuelewa bila Kigiriki. Neno metafizikia liweke akiba mpaka siku utakapotuuliza kama hilo jini, likipatikana, litakuwapo kwa namna ileile ya panya, au ya saba, au ya shimo. Siku hiyo kahawa nitalipa mimi.