Niko kwenye dozi ya TB: mbege, sigara na unga (heroini) vipi?

Niko mwezi wa pili wa dawa, naishi Kibosho. Jumamosi kuna msiba na kata ya mbege itanifikia. Nikionja kidogo?

Usionje, mpaka umalize miezi 6. Ini linalochakata pombe ndilo hilo hilo linalochakata isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, na likielemewa linaumia. Usijidanganye kwamba mbege ni ndizi na ulezi tu. Gongo ndiyo usiseme. Kata ikifika, mpe wa pembeni, sema, "Niko kwenye dozi." Wazee wetu wanalielewa neno hilo kuliko tunavyodhani.

Nimeshakunywa. Leo nisimeze vidonge?

Meza! Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaogopa "kuchanganya", anaruka vidonge siku ya pombe. Ijumaa ameruka, Jumamosi ameruka, Jumapili kuna ubatizo. Vimelea vilivyobaki vinazoea dawa, na TB ya kawaida inageuka TB sugu, yenye dawa nyingine na uangalizi mkali zaidi, ile inayowafikisha watu hospitali ya Kibong'oto, kule Siha. Kwa hiyo kinachoachwa ni glasi, si kidonge. Kesho yake mwambie nesi ukweli, hata kama ana sura ya ukali, maana anatakiwa kulifuatilia ini lako.

Ila kama macho yamekuwa ya njano, unatapika, chakula hakipiti, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usimeze tena kabla hujaonwa. Nenda kituoni siku hiyo hiyo. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, hiyo ni rifampisini.

Sigara, bangi, mirungi?

Moshi wowote unachokonoa mapafu yenye vidonda. Mirungi inakata hamu ya kula, wakati wewe unatafuta kilo ulizopoteza.

Mdogo wangu wa Arusha anakunywa methadone ili aache unga. Tangu aanze dawa za TB anasema arosto (mateso ya kukosa unga) imerudi. Anatafuta kisingizio?

Hapana, mwamini. Rifampisini inalifanya ini liiondoe methadone mwilini haraka kuliko kawaida, hivyo kipimo kilichokuwa kinamtosha hakimtoshi tena: jasho, makamasi, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Asiache dawa za TB, wala asijiongezee kitu mtaani. Aende kliniki ya methadone na kadi yake ya TB mkononi, wampandishie dozi taratibu. Na akimaliza rifampisini arudi tena washushe, kwa sababu dozi ile kubwa, ini likishatulia, inaweza kumzimisha pumzi usingizini.