Kuulizia Bahari Si Kuikana Kenya

Wiki iliyopita aliingia ofisini mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, mtu mzima, na picha za maji ya tope kwenye simu yake. Hata kuketi hajaketi, akaanza kujitetea: "Mwanangu, mimi sipingani na serikali. Mimi ni mzalendo." Nikamwambia, "Ami, nani kakushtaki?" Kauli hiyo nimeisikia kwa wavuvi, kwa wakata boriti za mikoko, kwa akina mama wa kijiji cha Matondoni, na sasa imenichosha. Watu wanaomba radhi kabla ya kudai kilicho chao.

Wanachoamini ni kwamba anayeihoji serikali juu ya mazingira anaiaibisha nchi. Katika kazi yangu ya uwakili hapa Lamu, imani hii imewanyima watu haki kuliko uhaba wa pesa za kesi.

Katiba tuliyoipigia kura wenyewe Agosti 2010 inataja maadili ya taifa katika Kifungu cha 10. La kwanza ni uzalendo, na katika aya hiyohiyo umetajwa ushiriki wa wananchi. Teremka kidogo, utakuta maendeleo endelevu. Kisha Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 69 kinaibebesha dola kazi moja moja: kufikisha miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi, kutathmini athari za miradi, kuwashirikisha wananchi, kuzuia shughuli zinazohatarisha mazingira. Basi ukiuliza kwa nini maji ya Pate yamechafuka, unaiuliza serikali kazi iliyokubali kuifanya. Ukosefu wa uzalendo uko wapi hapo?

Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, alitukanwa hadi bungeni. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, na leo tunamtaja kwa fahari kila tunapotaka kuisifu Kenya.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangiwa Kwasasi, na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ikatoa leseni mwaka 2016. Waliokwenda kuipinga waliambiwa ni maadui wa maendeleo. Juni 2019 Baraza la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni hiyo, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Chombo kilichoifuta ni cha Kenya, kwa sheria ya Kenya.

Na wanaosema kesi huua miradi waitazame bandari ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wake. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kilichoongezwa na kesi ni hesabu ya mvuvi, ambayo tangu mwanzo haikuandikwa na mtu.

Vijana nao huniambia: sisi nchi changa, wazungu wamechafua karne mbili, na sisi tupewe zamu yetu. Kweli, gesi joto za Kenya hazifiki asilimia moja ya zile za dunia, na wenye deni kubwa walilipe. Lakini majivu ya makaa yangemwagwa Kwasasi, na maji ya moto yangerudi kwenye mkondo wetu, si wao. Tena nchi hii hii changa ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na mwaka uliofuata mafundi wa Lamu wakashusha majini jahazi la plastiki iliyookotwa. Hiyo ndiyo fahari ninayoielewa mimi.

Zipo na kauli nyingine ninazozisikia ofisini. "Sina hasara ya kuonyesha, nitashtaki vipi?" Kifungu cha 70 kinasema wazi huhitaji kuthibitisha kwamba mtu amepata hasara au kuumia. Usingoje samaki waishe.

"Taka za mtaani ni za NEMA." Kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Barua yako ipeleke huko.

"Leseni ikishatoka, imetoka." Una siku 60 za kukata rufaa. Wengi hunijia miezi mitano baada ya leseni kutoka, na hapo nabaki kutafuta njia za mzunguko.

Na hii ya "tulishasaini kwenye mkutano, basi tulikubali" hunikera zaidi, kwa sababu wanaoitumia kuwatisha watu wanajua ukweli. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, haisemi ulikubali nini. Nimewaona wazee wakipokea nauli na soda, wakatia sahihi, kisha wakarudi kwao wakidhani wameuza bahari. Unapotia sahihi, soma kichwa cha karatasi. Kama hakina maneno, usisaini. Pembeni ya jina lako andika kwa mkono wako: "nimehudhuria tu". Halafu ipige picha kabla hujairudisha.

Yule ami wa Kizingitini naye alitia sahihi mkutanoni, na karatasi yake hakuipiga picha. Tumeandika barua kuomba nakala ya karatasi hiyo na muhtasari wa mkutano, na barua yetu imegongwa muhuri wa kupokewa.