Monita ya Zamani Inapokataa Picha ya Deki

Umechomeka deki ya Blu-ray kwenye monita ya kompyuta ya mtumba. Ukurasa wa mipangilio unaonekana safi, lakini filamu ikianza tu, kioo kinakuwa cheusi au kinajaa chenga. Wengi huikimbiza monita kwa fundi. Fundi anaijaribu kwa kompyuta, inaonyesha vizuri, na hapo unaambiwa deki ndiyo mbovu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Kinachozuia picha ni kufuli liitwalo HDCP, lililobuniwa na Intel ili filamu isinaswe ikiwa njiani kwenye waya. Toleo lake la kwanza ni la mwaka 2000. Tundu la DVI, lile pana la monita nyingi za zamani, lilikuja 1999. Tundu lilitangulia kufuli, na hata baada ya hapo watengenezaji wengi waliendelea kuuza monita za DVI zisizo na HDCP.

Kabla ya kutoa filamu, deki hupiga hodi. Kila kifaa chenye HDCP kina funguo 40 za siri. Deki na monita hupeana namba za utambulisho, kila kimoja kinapiga hesabu yake, na majibu lazima yalingane. Monita isiyo na funguo haina la kujibu. Ukaguzi huo hurudiwa kila baada ya sekunde 2 hivi, ndiyo maana waya uliolegea unaweza kufanya picha ije na kupotea hata kwenye monita inayofaa.

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, na inaniuma. Adapta ya HDMI kwenda DVI hubadilisha umbo la kichwa tu, haiongezi funguo. Waya wa bei kubwa nao hauziongezi. Tundu la VGA, lile la zamani linalopitisha picha kwa analojia, halina njia ya kufuli hili kabisa, na deki za Blu-ray zilizoundwa baada ya mwaka 2013 haziruhusiwi kutoa filamu zilizolindwa kwa analojia. Anayeumia ni yule aliyenunua diski halali; nakala ya wizi haipigi hodi.

Basi jaribu hivi kabla ya kulipa mtu. Unganisha deki na televisheni mpya kwa waya uleule, kisha unganisha kompyuta na ile monita kwa adapta ileile. Vyote vikionyesha picha peke yake lakini vikikataana vikiwa pamoja, kufuli ndilo la kushukiwa kwanza. Ila monita ikiandika kwamba picha imezidi kiwango chake, hilo ni suala jingine: shusha ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya deki.

Ukinunua monita ya mtumba kwa ajili ya filamu, tafuta modeli yake mtandaoni uone kama HDCP imetajwa. Yenye tundu la HDMI kwa kawaida huwa nayo. Kwa filamu za 4K utahitaji HDCP 2.2, na kila kifaa kilicho katikati, hata kigawanyio cha HDMI, lazima kiwe nayo.

Na picha ikishakuja kwenye DVI bila sauti, usirudi dukani. Tundu hilo halikuundwa kubeba sauti: ichukue kwenye matundu mekundu na meupe ya deki, kama inayo, uipeleke kwenye spika.