Mtoto mwenye retinitisi pigmentosa asifungiwe gizani

“Dokta, jua haimuguse tena.” Mama mmoja wa mtaa wa Kadutu aliniambia hivyo kwa fahari, kamshika mkono mvulana wake. Tangu asikie kwamba mtoto ana retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ametundika blanketi dirishani na kumtoa shuleni. Ushauri huu wa kumficha mtoto mwanga umenichosha. Wanaupata kwa majirani, kwa wahubiri, na, inaniuma kusema, hata kwa wenzangu wenye koti jeupe hapa Bukavu.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Retinitisi pigmentosa huanza kwa kuua rodi, seli za retina ambazo ndizo za kuonea palipo na mwanga hafifu. Mchana, uani, mtoto huyu anamwona rafiki yake na mpira unaomjia. Mtie katika chumba cha blanketi: anapapasa ukuta, anatafuta kizingiti kwa kidole cha mguu. Kwa kumkinga asipofuke kesho, wamempofusha leo.

Tena wanasema jicho “linapumzika”. Rodi haipumziki gizani. Pasipo mwanga, njia za ayoni (chembe zenye chaji ya umeme, kama sodiamu) katika utando wake hubaki wazi, sodiamu inaingia mfululizo, na pampu zinahangaika kuitoa. Rodi hula oksijeni nyingi zaidi gizani kuliko kwenye mwanga, maana mwanga ndio unaozifunga njia hizo.

Je, mwanga hauna lawama? Unayo, na hapa sitaki majibu ya mkato. Mwaka 1966 mtafiti Werner Noell alionyesha kwamba panya wa maabara wakiachwa kwenye mwanga usiokatika, hata usio mkali sana, seli zao za kupokea mwanga hufa. Baadaye ilionekana kwamba panya wasio na jeni RPE65, ambao hawawezi kuunda rodopsini (protini ya rodi inayonasa mwanga), mwanga kama huo hauziui rodi zao. Kwa hiyo madhara hayo yanapitia kwenye rodopsini yenyewe. Halafu kuna mbwa wenye kasoro ya jeni ya rodopsini iitwayo T4R: rodopsini yao imekosa sukari inayopaswa kushikamana nayo, na ikipigwa na mwanga inalegea na kuharibika. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba mwanga wa kiasi kile tunachotumia kliniki kupimia macho ulitosha kuharakisha kifo cha seli zao.

Watu husoma habari za mbwa hao na kumfungia mtoto ndani. Lakini huyo ni mbwa mwenye kasoro moja ya jeni moja, na jeni zinazosababisha retinitisi pigmentosa ni makumi kadhaa. Nyingine huharibu nywele ndogo za seli, nyingine enzaimu, nyingine hazigusi rodopsini hata kidogo. Watoto wanaozaliwa na kasoro ya RPE65 wana rodopsini kidogo mno, kwa hiyo mwanga hauna pa kuanzia, na bado retina zao zinakufa. Nani atasema hapo kwamba jua ndilo lililoua?

Kwa binadamu jaribio lilishafanyika. Eliot Berson, daktari wa Boston, aliwafunika wagonjwa wawili jicho moja kwa lenzi isiyopitisha mwanga, kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, kwa miaka 5. Matokeo yalitoka mwaka 1980: jicho lililofunikwa na lililoachwa wazi yaliendelea kuharibika sawasawa. Wagonjwa wawili ni wachache, nakubali, na kasoro nyingine ya jeni ingeweza kutoa jibu jingine. Ila anayeagiza giza hana hata hao wawili.

Kinachoninyima raha ni aina ya ugonjwa huu inayoshika sehemu tu ya retina. Mara nyingi huanza chini, na chini ndiko mwanga wa angani unakoangukia. Wengi wa wagonjwa hao wana kasoro za rodopsini. Siwezi kulipuuza hilo. Ndiyo maana nikishuku rodopsini napunguza taa yangu na kufupisha uchunguzi, ingawa wagonjwa wengi hapa kwetu hawajawahi kupimwa jeni na mimi naamua kwa kutazama tu. Stargadi, ugonjwa mwingine wa retina unaotokana na kasoro ya jeni ABCA4, ni habari nyingine: humo mabaki ya vitamini A hujikusanya na kuwa sumu, na mwanga huyachochea. Kwa hao nasisitiza kofia na miwani ya jua, na nakataza vidonge vya vitamini A vya kipimo kikubwa.

Kwa mtoto mwingine yeyote asiyeona usiku, ondoa kwanza ukosefu wa vitamini A. Huo unatibika, na mara nyingi kuona usiku hurudi baada ya siku chache.

Na kufinya macho? Mwanga unaorudi kutoka kwenye mabati na maji ya ziwa Kivu unamsumbua kweli mtoto mwenye retinitisi pigmentosa. Kusumbuliwa na mwanga si kuunguzwa nao. Wengi wao, wakikua, hupata ukungu kwenye sehemu ya nyuma ya lenzi ya jicho, unaotawanya mwanga. Kofia yenye ukingo mpana na miwani ya rangi nje vinamsaidia kuona vizuri. Ndani avivue. Darasani akae mbele, karibu na dirisha, na mwalimu aambiwe kwamba mtoto haoni pembeni, ili akimgonga mwenzake asichapwe. Usiku, pale anaposomea, wekeni taa nzuri.