Kuiva bila moto: jioni moja kwenye mgahawa wa vyakula vibichi, Berlin

Supu ililetwa ikiwa vuguvugu. Nikagusa bakuli kwa kiganja, nikamnong'oneza wifi yangu: "Wifi, hebu mwambie huyu kijana airudishe jikoni, imepoa." Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Wifi, hapa jikoni hakuna jiko."

Si kwamba sikuonywa. Nilikuwa Berlin kwa mafunzo ya wiki mbili, naye tangu siku ya kwanza aliniahidi kunipeleka "kwa watu wa kazi yako". Kazi yangu ni lishe na usalama wa chakula. Nimezunguka vijiji vingi nikiwahimiza kina mama wachemshe: maji, maziwa, maharage. Sasa nimekalishwa mahali wanapojivunia kutochemsha kitu. Tangu nirudi nimeulizwa sana kama chakula kile kina faida, kama ni salama, na kama msafiri akikutana nacho ajaribu au apite zake. Leo nijibu kwa nafasi.

Kanuni yao ni fupi. Hawali mnyama wala kitokacho kwa mnyama, hata asali. Na hiyo mimea wanayokula haipashwi moto kupita nyuzi 42. Wengine hulegeza mpaka 48. Wajerumani wanayo hata jina lake, Rohkost, yaani chakula kibichi, na si mtindo wa juzi. Daktari Mswisi Max Bircher-Benner alikuwa akiwalisha wagonjwa wake Zurich matunda mabichi na nafaka zilizolowekwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na ile muesli ya kwenye maboksi ya supamaketi asili yake ni kwake.

Sisi neno "mbichi" tunalitumia zaidi kulaumu. Ugali mbichi ni aibu ya mpishi. Kuni mbichi zinakutoa machozi. Ndizi mbichi bado haijafika. Lakini tazama kinyume chake: embe linaiva juani, wali unaiva motoni, na neno ni hilo hilo moja. Kiswahili hakijali joto limetoka wapi, kinajali kama kitu kimefika pale kinapolika. Nilipolikumbuka hilo ndipo nilipouelewa mgahawa ule. Wanaivisha, ila wanaivisha kwa chumvi, ndimu, maji, kisu na subira.

Mfano ni saladi ya majani ya jamii ya sukuma wiki. Yalikuwa yamekatwa membamba, yakatiwa chumvi na ndimu, kisha mtu akayakanda kwa mikono kama anayekanda unga wa chapati. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye jani, vidole vinavunja kuta za chembe zake, na baada ya dakika chache jani gumu limelala laini kama lililotoka sufuriani. Juu yake parachichi. Hapo niliwapa alama, kwa sababu karotini ya kwenye mboga za majani na karoti, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta, na parachichi linayaleta bila kikaango. Kachumbari yetu ingefaidika na somo hilo.

Ikafuata lazanya, euro 16, isiyo na unga hata punje. Badala ya tambi walipanga vipande vyembamba vya zukini, kile kiboga kinachofanana na tango. Nyanya zilizokaushwa zimesagwa kuwa mchuzi mzito, na katikati kuna jibini nyeupe ya korosho. Hiyo jibini niiache kwanza, nitairudia.

Nyuma ya menyu kulikuwa na maandishi yanayosema kwamba moto unaua vimeng'enya, vile vichochezi vya asili vinavyovunjavunja chakula, na bila vimeng'enya vya chakula mwili unachoka kumeng'enya. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili haisimami: vimeng'enya ni protini, vikifika tumboni asidi inavivunja vingi kama inavyovunja protini nyingine, na mwili hutengeneza vya kwake. Kimeng'enya cha mmea hufanya kazi kubwa kabla hujakimeza. Kina mama wanaotia unga wa kimea kwenye uji wa mtoto wanalijua hili kwa macho: uji mzito unalainika bakulini bila kuongezwa maji, mtoto anapata nguvu nyingi kwa vijiko vichache. Brokoli nayo, ukiikata mbichi, kimeng'enya chake hutengeneza sulforafeni, kemikali inayodhaniwa kuwa na faida kwa afya, ambayo kwenye brokoli iliyochemshwa sana hupungua. Vitamini C pia huumia motoni. Lakini likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, hupatikana vizuri zaidi nyanya ikipikwa. Kwa hiyo anayesema mbichi daima ni bora anachagua mboga zinazomtetea.

Mlo mmoja kama ule hauna madhara ya lishe kwa mtu mzima mwenye afya. Kuishi nao miaka ni habari nyingine. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwahoji watu zaidi ya 500 waliokuwa wakila hivyo kwa muda mrefu. Kati ya wanawake wa chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukatika kabisa, na karibu robo ya wanawake wote waliohojiwa walikuwa na uzito ulio chini ya kawaida. Ongeza vitamini B12, ambayo mimea haina. Ini hutunza akiba yake hata miaka, ndiyo maana mtu huanza kwa kujisikia vizuri na kuhubiri, akiba ikaisha kimya kimya. Spirulina, ule unga wa kijani unaouzwa kama kirutubisho, haiokoi, kwa kuwa kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni mfano wa B12 usiofanya kazi mwilini. Vidonge tu.

Kinachonikosesha raha mimi si lishe, ni vijidudu. Sahani ya tatu ilikuja na kichuguu cha machipukizi juu. Nikayasogeza pembeni kwa uma, wifi akaniuliza kulikoni, unayaogopa majani? Nikamwambia nipo Ujerumani, nayaogopa hasa hapa.

Mei 2011 watu kaskazini mwa nchi hiyo walianza kuharisha damu. Bakteria alikuwa E. koli wa aina ya O104:H4. Lawama ikaangukia kwanza matango ya Hispania, wakulima wa huko wakatupa mazao, na matango hayakuwa na hatia. Uchunguzi ukaishia kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri. Uwatu huu huu tunaoujua Pwani. Waliougua walikaribia 4,000, mamia figo zao zilishindwa kazi, na waliokufa walizidi 50. Kilichoniingia akilini daima ni kwamba hakikuwa chakula kilicholala au jiko chafu. Mbegu kavu inaweza kubeba bakteria wachache kwenye mikunjo ya ganda. Ukiiotesha unaipa unyevu na joto la kiasi kwa siku kadhaa, na hayo ndiyo bakteria anayoyaomba. Kuosha machipukizi chini ya bomba hakumtoi. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mwenye kinga dhaifu wasiyale mabichi, wawe Berlin au Buguruni.

Vikaushio navyo vinahitaji macho. Biskuti za mbegu za kitani na makapi ya karoti hukaushwa saa nyingi kwa nyuzi 42, na vijidudu vinavyotusumbua hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Usalama hapo hautoki kwenye joto, unatoka kwenye ukavu. Biskuti ikivunjika kwa mlio, kula. Ikikunjika kama kipande cha ngozi, iache. Zile za Berlin zililia vizuri.

Kuna vitu ambavyo havina njia nyingine ya kuiva ila moto, na mpishi yeyote wa vibichi akikuletea, ondoka. Maharage mekundu yana lektini, sumu ya asili inayoweza kukutapisha kwa punje chache tu. Kuotesha hakuiondoi, na joto dogo la muda mrefu haliitoshi. Yaloweke, umwage maji, kisha yachemke kwelikweli si chini ya dakika 10. Muhogo mchungu tusiuseme sana, huo hata moto peke yake hauutoshi. Wilayani Tarime miaka ya 1980, njaa ilipofupisha siku za kuuandaa, watu walipooza miguu kwa konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya muhogo usioandaliwa vya kutosha. Huko hakuna aliyekuwa akifuata mtindo wa mgahawa.

Ukiwa safarini, basi, mimi hupima hivi. Kwanza maji: kama bomba la mji ule wenyeji wanalinywa, kama Berlin, saladi iliyooshwa haiwi mashaka makubwa, kama wenyeji wenyewe wanachemsha, chakula kibichi kilichokatwakatwa na mkono nisioujua nakiacha, nakula tunda ninalolimenya mwenyewe. Pili naangalia wateja. Mgahawa wa vibichi usio na watu ni hatari kuliko wa nyama choma usio na watu, maana hakuna moto wa kurekebisha kilicholala. Na mwenye mzio wa karanga au jamii ya korosho aulize kabla hajavuta kiti: jiko lile karibu kila kitu cha "maziwa", "krimu" na "jibini" ni korosho au lozi. Katika Umoja wa Ulaya sheria inawabana tangu Desemba 2014 wakwambie vizio 14 vikuu vilivyomo, na mara nyingi utaviona kama herufi ndogo pembeni ya jina la chakula.

Sasa ile jibini. Korosho zililowekwa usiku kucha, zikasagwa na ndimu, zikachachushwa kwa bakteria wa jamii ya wale wa mtindi. Ilikuwa tamu, sikatai. Kwenye menyu imeandikwa "mbichi". Mimi nimezaliwa Masasi. Mama yangu alibangua korosho mpaka ncha za vidole vyake zikawa nyeusi na ngozi inachunika, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, ndugu wa ule utomvu wa embe unaochoma midomo. Mkorosho na mwembe ni familia moja. Nyumbani tulizichoma kwanza kwenye bati lenye matundu, moshi wake huwezi kuukaribia. Kiwandani korosho ghafi hupigwa mvuke ndani ya boila ili ganda lilegee, kisha hubanguliwa, kisha huingia oveni ya nyuzi kama 70 kwa saa kadhaa ili ule utando mwekundu ubanduke. Mvuke hauna habari na nyuzi 42. Wapo wanaobangua bila mvuke na kuuza kwa bei ya juu, lakini korosho nyeupe ya kawaida iitwayo mbichi madukani imeshapita motoni, na huenda ilisafiri kutoka Mtwara ikiwa na ganda hadi India au Vietnam kupitishwa huko.

Nilimweleza mpishi, wifi akitafsiri. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, akaniuliza kama basi kuna kitu chochote cha mti ule kinacholiwa bila moto. Nikamwambia lipo bibo, tunda lenyewe, jekundu au la njano, linaning'inia juu ya korosho, unalifinya mdomoni chini ya mti na maji yanateremka mpaka kiwikoni. Akataka kujua ataliagiza wapi. Nikamwambia likidondoka asubuhi, kesho yake limeanza kuchacha. Kwetu linaishia kuwa uraka, pombe ya mabibo. Akanyanyuka kuchukua kalamu, akaandika "bibo" nyuma ya risiti yetu, akaniuliza kama ndivyo linavyoandikwa.