Kabla Hujalipia Pasipoti, Kagua Jina Lako

Mimi ni wakili na kamishna wa viapo jijini Dar es Salaam, na wengi wanaofika ofisini kwangu asubuhi huja na swali moja: nichukue pasipoti sasa, au nisubiri hadi safari ipatikane? Zamani nilikuwa nawajibu haraka kwamba wachukue tu, kwa kuwa shilingi 150,000 kwa kitabu cha miaka 10 ni sawa na shilingi 15,000 kwa mwaka. Siku hizi, kabla ya kujibu lolote, namwomba mtu atoe vyeti vyake aviweke mezani.

Hesabu ile ya zamani ilikuwa na kasoro. Miaka 10 ya pasipoti ya kielektroniki, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018, huhesabiwa tangu siku inapotolewa, iwe umesafiri nayo au imelala kabatini. Na kwa kuwa nchi nyingi humtaka mgeni awe na pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi, nusu mwaka ya mwisho haikusaidii sana. Tena Uhamiaji huhitaji ushahidi wa safari, kama barua ya mwaliko, ya udahili wa chuo au ya mwajiri. Kwa hiyo asiye na safari yoyote mbele yake hana haja ya kukimbilia kulipa. Kinachostahili haraka ni nyaraka zinazoizaa pasipoti, kwa sababu cheti kikishasahihishwa hakiishi muda.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya bibi mmoja aliyeletwa kwangu na mwanawe wiki chache kabla ya safari ya Umra. Kikundi kilikwisha kulipiwa, na pasipoti ndiyo iliyokuwa imebaki. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, alichokipata uzeeni, jina la baba lilikuwa Hamisi. Kwenye kitambulisho cha Taifa lilikuwa Khamis, na mwaka wa kuzaliwa ulipishana kwa miaka miwili. Nilipomweleza tatizo, alinitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, baba yangu alikuwa na jina moja tu, walioandika ndio wengi." Alikuwa na haki kabisa, lakini ofisi husoma karatasi. Masahihisho yalipokamilika wenzake walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi, na sehemu ya fedha za mwanawe haikurudishwa. Laiti angekuja mwaka mmoja kabla, jambo lote lingemalizwa bila mtu kukosa usingizi.

Ukaguzi wenyewe unaweza kuufanya nyumbani jioni moja. Tandika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na vyeti vya shule, kisha usome jina herufi kwa herufi, si kwa kulitazama juu juu kama mtu anayelijua tayari. Said na Saidi, Mohamed na Muhammad, jina la babu lililokaa mahali pa jina la baba, mama aliyeandikishwa kitambulisho kwa jina la mume ilhali cheti kinamtambua kwa jina la baba yake: hayo ndiyo ninayokutana nayo kila wiki. Halafu angalia namba ya NIDA, yaani ile iliyotolewa na mamlaka ya vitambulisho vya Taifa. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa; kama hazilingani na cheti, umeliona tatizo kabla ya ofisa kuliona. Usisahau cheti cha mzazi, au hati ya kiapo ya kuzaliwa kwake, maana jina lake humo linatakiwa lifanane na lile lililo kwenye cheti chako.

Hapa wengi huniambia, "Wakili, niandikie kiapo tu." Kiapo kina kazi yake: kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Hakifuti kosa lililo kwenye kumbukumbu, na mtu anayerundika viapo badala ya kusahihisha chanzo atakutana na swali lilelile ubalozini anapoomba viza. Kosa la cheti hupelekwa RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo Tanzania Bara, au kwa mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na kosa la kitambulisho hupelekwa NIDA. Anayetaka kubadili jina lenyewe anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Kwa safari za jirani, Watanzania wengi hudhani kitambulisho kinatosha. Makubaliano ya mwaka 2014 ya kusafiri kwa kitambulisho yalikuwa ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikuwamo. Anayekwenda Mombasa mara moja kumzika ndugu anaweza kutumia hati ya dharura, lakini mfanyabiashara anayefuata mzigo Nairobi au Kampala mara kwa mara namshauri achukue pasipoti bila kusita.

Kundi ninalolihofia zaidi ni mabinti wanaoahidiwa kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambao wakala huwaambia wasijisumbue kwa kuwa pasipoti atawalipia yeye. Binti yangu, kama unasoma hapa, jilipie mwenyewe hata kama itakubidi ukope kwa shangazi, kwa sababu aliyekulipia ataona ana haki ya kuishika, na mara nyingi deni hilo hukatwa mshaharani. Pasipoti ni mali ya Serikali iliyokabidhiwa wewe, na wala si rehani ya wakala au ya bosi. Mkataba wako upitie TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, kabla hujapanda ndege. Na pasipoti ikishatoka, piga picha ukurasa wenye jina na namba, uutume kwa mtu mmoja nyumbani ambaye simu yake haizimwi usiku. Ukipata shida huko, hiyo namba ndiyo atakayoulizwa na ubalozi kwanza.